Mtaalamu wa Nzi wa Matunda

Msomi hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko tangazo la ukutani, lakini miwani yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza maktaba nzima. Asubuhi hiyo, katika mji ule wa mpakani, alijipenyeza kwenye ukumbi wa mikutano kufuata chai ya bure. Akajikuta katikati ya wajumbe wa nchi nane waliokuwa wakijadili namna ya kuwazuia wadudu wa mimea wasivuke mipaka. Alitafuna, akasikiliza. Kumbe hakuna tunda litakalovuka bila kukaguliwa na kupewa cheti.

“Wakubwa hawa wamenitafutia kazi,” alijisemea.

Alipotoka, shingoni alikuwa amevaa kitambulisho cha mjumbe aliyekwenda msalani, na mdomoni ana maneno mawili mapya: karantini na sampuli.

Saa nne alikuwa kwenye ghala la machungwa. Mwenye ghala, mama wa makamo, alikuwa ameshika tama mbele ya kreti arobaini zilizofunikwa turubai.

“Shikamoo, mama. Nimetumwa na mataifa manane.”

“Marahaba. Yote manane? Karibu, mwanangu.”

Mama alikitazama kile kitambulisho kwa muda mrefu, kisha akamtazama Msomi usoni, kisha akarudi kwenye kitambulisho. Msomi akakohoa kitaalamu.

“Machungwa haya yako chini ya karantini. Lazima nichukue sampuli.”

“Ngapi, daktari?”

“Ziko kreti ngapi?”

“Arobaini.”

“Basi arobaini. Sayansi haitaki ubahili.”

Alitarajia kilio. Mama akainama, mabega yakamtikisika, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. “Chukua tu, baba. Ila niandikie kwamba umezipokea, na kwamba kuanzia sasa mzigo ni wako. Nisije nikasumbuliwa.”

Msomi alisaini kwa mbwembwe, akapigia mstari mara mbili. Huruma ilimgusa kidogo, ikapita. Mama aliwaita hata wapakizi wake wamsaidie, akaongeza na kamba. Lori lilikuwa la shemeji yake Msomi, aliyeambiwa kwamba ng’ambo kuna kiwanda cha juisi kinachopokea machungwa bila maswali.

Kwenye kizuizi cha mpakani walikuta wakaguzi wawili, mmoja wa kila nchi, wamekaa kwenye meza moja iliyowekwa juu ya mstari wa mpaka. Mrefu alikuwa wa upande huu, mfupi wa upande ule, na inasemekana tangu waanze kazi hawajawahi kukubaliana hata dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Mrefu alipasua chungwa. Funza sita wakajinyoosha kama waliokatizwa usingizi.

“Nzi wa matunda,” alisema.

“Nzi wa matunda,” alisema mfupi.

Shemeji akashuka kwenye lori, akasimama mbali, akaangalia mawingu.

“Mzigo huu tuliukagua alfajiri,” mrefu akaendelea. “Tukamwamuru mwenye mali auzike wote leo hii, kwa mikono yake. Sasa mama wa ghala ametupigia simu, anacheka mpaka hasikiki. Anasema ameupatia mwenyewe mpya, na karatasi anayo.”

“Anasema pia,” mfupi akadakia, “kwamba mwenyewe huyo amevaa kitambulisho chenye picha ya mwanamke.”

Msomi aliinamisha kichwa akatazama kifuani kwake kwa mara ya kwanza. Bibi mmoja mwenye hereni alikuwa akimtabasamia.

“Kwa hiyo tuchague,” alisema mrefu. “Wewe ni mwenye machungwa, au ni tapeli? Tapeli ana gari lake, lile pale lenye nondo madirishani.”

Msomi alilitazama gari la polisi. Akazitazama kreti.

“Machungwa ni yangu,” alisema. “Nayapenda sana.”

Wakampa jembe na sururu, wakamwonyesha mahali nyuma ya ofisi. Kufikia alasiri malengelenge yalikuwa yamempasuka viganjani, shati limemganda mgongoni, na shimo linamfika shingoni. Wakaguzi walikuja na futi ya kamba, wakachungulia.

“Kwetu kanuni ni mita moja na nusu,” alisema mrefu. “Panatosha.”

“Kwetu ni mbili,” alisema mfupi. “Hapatoshi.”

Msomi aliinua uso uliojaa matumaini kumwelekea mrefu. Wale wawili wakatazamana. Asubuhi walikuwa wameapa ukumbini, mbele ya mataifa manane, kwamba ugomvi umekwisha.

“Tushirikiane,” alisema mrefu.

“Tushirikiane,” alisema mfupi.

Wakapeana mikono juu ya shimo.

“Tatu,” wakasema kwa pamoja.