Kadi ya Kipaimara Iliyonimaliza Kibaoni

Jamani, leo nimeaibika. Tena nimeaibika nikiwa nimevaa tai, kipaza sauti mkononi, bosi wangu kakaa mstari wa mbele.

Leo hapa Kibaoni kulikuwa na kongamano la usalama wa mtandao. Tulioalikwa ni sisi tunaohudumia kompyuta za vyama vya wakulima, shule na zahanati za bonde hili. Mimi nilikuwa mtoa mada. Chama chetu cha wakulima wa mpunga kinatafuta mkuu wa mifumo wa matawi yote, na bosi, Mama Kresensia, alishaniambia: "Nitakuja kukusikiliza. Ukifanya vizuri, kazi ni yako." Mke wangu alinipigia pasi mpaka soksi.

Mada yangu? "Usibofye Usichokijua." (Nyamazeni. Bado.)

Ikafika saa ya chai. Watu wakajazana kwenye meza ya chapati, wanaongea kwa fujo, wanaonyeshana simu. Desderia, mwenzangu wa tawi la Lupiro, akaniita:

"Kaka, njoo basi tunywe chai! Kuna mambo tunasimuliana huku."

"Endeleeni tu, dada. Napitia mada yangu."

Moyoni nikasema, hawa wamefuata chapati, mimi nimefuata kazi. (Majivuno yangu leo yalikuwa ya kujaza kiroba.) Nikabaki peke yangu ukumbini na viti vitupu.

Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Ni katibu wa jumuiya yetu ya kanisani: "Karibu kwenye kipaimara cha kijana wetu. Fungua kadi hapa."

Sasa nyie mnajua kwetu. Ukose kipaimara cha mtoto wa mwanajumuiya, utasemwa mpaka Pasaka. Sikufikiri hata kidogo. Nikabofya. Simu ikauliza kama naruhusu isome majina yote niliyohifadhi. Ruhusu. Itume ujumbe kwa niaba yangu? Ruhusu! Kadi yenyewe haikufunguka, nikaulaumu mtandao. (Mtaalamu huyo.)

Nikaitwa mbele. Nikakohoa kidogo, kama mkubwa.

"Ndugu washiriki, mtu makini habofyi linki yoyote kabla ya kumpigia aliyemtumia..."

Ti! Simu ya mbele. Ti! Ya nyuma. Ti-ti-ti-ti, ukumbi mzima!

"Naomba tuzime simu, tuheshimiane!" nikafoka. Mimi! Nikafoka!

Mama Kresensia akavaa miwani taratibu, akasoma kwa sauti: "Karibu kwenye kipaimara cha kijana wetu. Fungua kadi hapa." Akanitazama. "Hii imetoka kwako."

"Hapana, mama."

"Jina lako hili hapa."

Desderia akasimama. "Msifungue, jamani! Ndiyo ileile!" Kisha akanigeukia, kwa sauti ya upole kabisa: "Kaka, si ndiyo tuliyokuwa tunaisimulia kwenye chai? Kule Lupiro imetusumbua wiki nzima. Ndiyo maana nilikuita."

Nilitamani Mto Kilombero ufurike unichukue na tai yangu. (Ni kiangazi. Hata mafuriko yamenikataa.)

Wale watu wa chapati wakaja wote. Mmoja akatoa laini kwenye simu yangu, mwingine akaanza kuking'oa kile kidudu kilichoingia na kadi, wengine wakagawana kupiga simu kuwaonya watu wangu. Mzee mmoja mwalimu akaniletea chai, imeshapoa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Nilikaa pale na kikombe, machozi yako karibu, nikifikiri kwamba yote haya yangeishia kwenye meza ya chapati kama ningesogea tu.

Mlangoni Mama Kresensia akanishika bega. "Nimeshampata mkuu wa mifumo." Nikanyoosha tai. "Ni Desderia. Kuanzia Jumatatu utakuwa chini yake."

"Asante, mama."

Nikarudishiwa simu. Nikarudisha laini. Hapohapo ikaita: mama mkwe, anayekaa Lupiro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yaani mjukuu wangu anapata kipaimara, mimi naambiwa kwa meseji?"

"Mama, mtoto bado ananyonya!"

"Hata mimi nimeshangaa. Lakini nimeshavuka daraja la Kilombero nakuja kwenu, nipo na shangazi za mkeo na mabata."

Sasa hivi nimesimama nje ya nyumba yangu. Ndani nasikia vigelegele vya wageni. Mke wangu, kwa kuona mabata, anaamini nimepata kazi, na sijui naanzia wapi kumwambia.

Kesho kongamano linaendelea. Ukinitafuta saa ya chai, nipo kwenye foleni ya chapati, wa kwanza, nasalimia kila mtu. Msinicheke. Na kama kadi yangu imekufikia na wewe, usiifungue: kipaimara hakuna, kuna mabata tu.