Mashine ya Kutafuta Funguo za Susu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya jumuiya nzima ya kanisa. Katekista akiwemo.

Niko saiba, kwenye kompyuta za kulipia, hapa Machakos mjini, magoti bado yana vumbi. Nisikilizeni.

Susu, yaani nyanya yangu, anaishi peke yake nje kidogo ya mji. Husahau vitu. Miwani, kisu, kiatu kimoja, na zaidi ya yote funguo za kabati. Binti yake, shangazi yangu Mwikali, anashona nguo kiwandani Athi River, na alikuwa ameamua: leo, sala ya jumuiya nyumbani kwa Susu ikiisha, anaondoka na Susu wakaishi pamoja katika chumba chake cha kupanga. Susu hataki. Anasema huko asubuhi haina jogoo, ina king'ora.

Nikajitolea kumwokoa. (Mimi ni mwandishi wa riwaya. Riwaya moja. Haijaisha.) Juzi nilinunua sokoni kidude cha plastiki, kidogo kama kiberiti, cha kuning'iniza kwenye funguo. Ukipiga mluzi au makofi, kinalia pi-pi-pi mpaka ukione. Nikampelekea.

"Nipige mluzi?" Susu aliuliza. "Mwanamke mzima, hapa kwangu?"

"Basi piga makofi, Susu."

Akapiga. Kikalia. Akatabasamu taratibu, kama mtu anayetazama mvua ikivuka kilima kuja shambani kwake. Nikamwachia akifunge mwenyewe. Shangazi nikamtumia habari: asiwe na wasiwasi, mashine itamtunza mama yake.

Leo ikawa zamu ya Susu kupokea jumuiya. Akina mama wakajaza mabenchi, Katekista akapewa kiti chenye kitambaa cha kufuma. Shangazi alifika na begi kubwa, tupu, akaliweka mlangoni. Susu alilitazama mara moja tu, kisha akafumba macho kama anayesali. Wakati wa nyimbo, makofi yalipopamba moto, nilisikia pi-pi-pi kwa mbali. Moyo wangu ukatulia. Funguo zipo!

Sala ikaisha. Sasa chai. Kwetu jumuiya haitoki nyumbani kwa mtu bila chai, na vikombe, sukari, majani, vyote vilikuwa kabatini. Shangazi akavuta mlango wa kabati. Umefungwa. Akanigeukia.

"Haya, Mutua. Si ulisema iko mashine? Tuone."

Makofi yangetosha. Lakini watu walikuwa wananitazama (udhaifu wangu mkubwa), nikatia vidole mdomoni nikapiga mluzi mrefu.

Nilisahau kwamba pale kwa Susu mluzi una kazi moja tu. Kuita mbwa. Simba, mbwa wake, aliingia mbio, akapita juu ya magoti ya Katekista, akanifikia akitikisa mkia, akingoja chakula.

"Wuui!" akina mama wakapiga kelele.

"Mtoe huyo mnyama!" Shangazi akasema.

Lakini nje, nyuma ya nyumba: pi-pi-pi!

"Mmesikia?" nikasema. "Mmesikia jamani? Nifuateni!"

Wakanifuata. Jumuiya nzima, kwa mstari, kama maandamano ya Ijumaa Kuu. Sauti ilitoka chini ya ghala la mahindi, lile lililoinuliwa kwa nguzo. Nikalala kifudifudi nikajipenyeza gizani. Nikapiga makofi. Pi-pi-pi! Nikanyoosha mkono, nikashika plastiki.

"Nimezipata!" nikatangaza.

Funguo zikanipiga teke.

Sikuziachia. (Sijui kwa nini. Heshima, labda.) Nikaburutwa kwa tumbo hadi juani, mbele ya viatu vya Katekista, nikiwa nimeng'ang'ania shingo ya mbuzi. Kidude kilikuwa kimefungwa hapo shingoni, kwa kitambaa chekundu, kwa fundo safi sana. Watu walipocheka, kikadhani kinaitwa, kikazidi kulia.

"Susu," nikauliza, bado niko chini, "kwa nini umemvisha mbuzi?"

"Si ndiye hunipotea."

"Na funguo?"

Susu akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, akafungua fundo. Funguo hizo.

"Mwaitu!" Shangazi akamaka, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Muda wote huu? Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mliuliza mashine."

Chai ikanywewa. Nzito, na sukari ya kutosha. Shangazi alimaliza kikombe chake, akaliokota begi pale mlangoni, akanitupia mimi.

"Mwaitu anabaki. Wa kuchungwa ni wewe. Kama huwezi kumuuliza nyanya yako swali moja, utaandika nini juu ya watu?"

Susu alimwongezea Shangazi chai.

Nilipokuwa najipangusa, Katekista akaniita pembeni. Nikajua ni maneno ya faraja.

"Hiyo kitu umenunua wapi?" akaninong'oneza. "Mimi niko na mbuzi wanne."

Basi, ndugu zangu, kabla hujamsaidia mzee kutafuta kitu, hakikisha kwanza kimepotea.