Magodoro Yenye Bata

Jumatatu, 9 Juni

Barua imeletwa na mwenyekiti wa mtaa mwenyewe. Afisa ustawi wa jamii atakuja Alhamisi kukagua kituo changu cha kulelea watoto mchana. Kituo! Vyumba viwili vya kupanga hapa Kwamndolwa, kimoja nalala mimi, kingine cha watoto saba. Nimeisoma mara tatu. Darasa la nne la Kasulu halikuniandaa kwa barua yenye muhuri.

Miaka kumi na saba nimekata mkonge. Mgongo ukasema basi. Wanawake wa shambani wakaanza kuniachia watoto, kwa kuwa nilikuwa nashinda nimekaa tu. Sasa naitwa Babu Lau. Nina miaka hamsini na moja!

Nikikosa kibali, nafunga. Nikifunga, Husna anapelekwa Kang'ata kwa bibi yake. Mama yake, Mwaija, anauza mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi Mombo, hana pengine pa kumwacha. Husna ana miaka mitatu na nusu. Hajatamka neno tangu baba yake afariki mwaka jana. Kwa Edna, mwenye kituo barabara ya pili, alikaa wiki mbili akarudishwa. Edna alisema hawezi kulea bubu. Kwangu haongei pia, ila hushika kidole changu kile kilichokatwa na panga, mpaka usingizi umchukue. Simwachii mtu.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kuchungulia kwa Edna. Kibali ukutani, ndani ya fremu. Magodoro madogo yenye picha za bata. Edna akaniona uani, akauliza kwa sauti kama nimekuja kuandikishwa chekechea. Wasaidizi wake wakacheka. Nikajibu natafuta kuku wangu. Sina kuku.

Choo changu hakina mlango, kina gunia. Nimeng'oa mlango wa chumba changu nikaufunga chooni. Umependeza! Gunia sasa liko chumbani. Sanduku la huduma ya kwanza ameniazima Deogratius, dereva wa lori la mkonge. Lina msalaba mwekundu. Limefungwa vizuri, sikutaka kulichokonoa.

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Edna anakwenda Tanga kesho, semina. Mumewe, Erasto, atanipa magodoro saba ya bata kwa siku moja. Sharti: nisimwambie mkewe kwamba anavutia sigara nyuma ya nyumba yangu. Nimeapa.

Mikeka ya katani niliyowasukia watoto, kila mmoja na rangi yake, nimeificha nyuma ya choo. Inanuka shamba. Watoto wameililia. Husna hakulia. Aliniangalia tu, kama hakimu.

Alhamisi, 12 Juni

Afisa alifika saa nne. Dada mpole, anaitwa Raheli, ana kalamu ya kutisha. Watoto wakampa shikamoo ya pamoja kama nilivyowafundisha. Akausifu mlango wa choo. Akauliza mbona chumba changu hakina. Nikasema napenda hewa.

Akafungua sanduku. Spana mbili, kitunguu, soksi moja. Nikamweleza kitunguu ni kwa ajili ya mtu aliyezimia. Akaandika. Akaandika sana.

Kisha magodoro. Akauliza nimeyapata wapi, mazuri hivi. Nikasema kwa jasho langu. Hapo Husna akaachia kidole changu, akaenda hadi godoro la tatu, akaweka mkono penye doa. Akasema wazi kabisa, kwa sauti nzito kama ya mzee wa baraza: "La Edna hili. Nililikojolea."

Nikapiga magoti, nikamwomba aseme tena. Akasema tena! Afisa alikuwa ananiuliza jambo kuhusu kudanganya serikali, sikumsikia vizuri, nilikuwa nalia. Nikampigia Mwaija, nikamwekea Husna simu sikioni. Akamsimulia mama yake habari ya mkojo tangu mwanzo. Upande wa Mombo nilisikia basi likipiga honi na mtu akifoka kwamba mahindi yake yanaungua. Mwaija aliyaacha yaungue.

Afisa naye alikuwa anafuta miwani.

Ijumaa, 13 Juni

Sikupita, sikufungiwa. Nimepewa mpaka tarehe 30. Sanduku lenye dawa, mlango wa chumba, msaidizi mmoja. Tena afisa alisema aliiona mikeka kule nyuma ya choo, na ningekuwa nimeitandika angeipitisha palepale. Alikuwa ananifariji, maskini. Nani apitishe katani mbele ya bata?

Edna amerudi, amejua yote. Ameniita mwizi mbele ya duka, na kabila langu akalitaja. Halafu akashusha sauti, akauliza kama ni kweli mtoto ameongea. Nikasema ndiyo. Akaondoka, matusi hakuyamalizia.

Jumapili, 15 Juni

Nimeapa siazimi tena kwa Erasto. Nitaazima Mombo! Mwaija anamfahamu mlinzi wa nyumba ya wageni, magodoro yapo. Msaidizi atakuwa Bibi Chausiku, siku hiyo moja tu. Hasikii vizuri, lakini ana miwani, anaonekana msomi.

Hatari ni Husna peke yake. Leo nimeanza kumfunza: afisa akija, mdomo tufunge. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu. Akauliza sababu gani, Babu Lau.

Nikamwambia arudie, sikusikia.

Nilikuwa nimesikia.