Neon Yangu Inakonyeza Tu

Kasongo, Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi

Paa la chumba cha parokia limeanguka. Darasa letu la akina mama, lile la kujifunza kuandika, linatafuta nyumba. Mwalimu Nadine amesema atapita Ijumaa jioni: nyumba yenye neon, ile taa ndefu ya mrija, inayowaka vizuri ndiyo itapokea darasa. Tuko wawili tu wenye neon, mimi na Pascaline. Yangu inakonyeza tu, kama kijana sokoni. Na kwa Pascaline sikanyagi! Alisema sombe yangu, majani yangu ya muhogo, ni maji. Darasa likienda kwake, mimi na kuandika basi. Miaka sabini na moja, na ndiyo kwanza kalamu imenizoea!

Jumanne, 8

Nimemwita Pacifique, fundi wa umeme. Mwembamba kama ufito! Nimemlisha kwanza, halafu nikamwambia afungue kila kitu. Ameng'oa kidude kama kizibo. Starta. Ndani iko kichupa chenye vyuma viwili vidogo. Umeme ukiingia, kimoja kinapata joto, kinapinda, kinagusa mwenzake. Hapo miisho ya neon inapata joto. Halafu kinapoa, kinaachia, na balasti, lile donge zito la pembeni, inapiga teke. Neon inawaka. Teke likikosa, wanaanza upya. Kumbe kukonyeza ni kujaribu! Masikini. Kama marehemu mume wangu na baiskeli mlimani.

Nikauliza mgonjwa ni nani. Akasema labda starta, labda... Baada ya neno starta sikusikia tena.

Alhamisi, 10

Nimempelekea Pascaline karanga. Mchana, grupu la umeme, ile jenereta ya mtaa, limezimwa. Alipoingia jikoni nikapanda kiti: starta yake mfukoni, yangu kwake. Robo mzunguko tu! Amerudi na sahani ya sombe. Tamu. Shetani!

Ijumaa, 11

Aibu! Na starta ya Pascaline, neon yangu inakonyeza vilevile. Kwake, na starta yangu ile "mgonjwa", neon imewaka mara moja. Nadine akiwa mlangoni kwangu, nikapanda kiti, nikaweka kiganja kwenye kioo cha neon kuibembeleza. Ikawaka! Nikapiga vigelegele. Friji ya jirani ikanguruma, neon ikazimika. Pacifique, niliyemwita tena, akasema kweli, mkono kwenye kioo unausaidia umeme dhaifu kuanza safari, lakini Bibi, utasimama kwenye kiti mpaka mwisho wa somo? Nikasema ndiyo. Nadine akacheka mpaka akakaa chini.

Darasa limeenda kwa Pascaline. Starta hazikuwa na kosa. Waya wangu ni mwembamba, umeungwa-ungwa, na friji ya jirani iko kwenye waya huohuo, inakula kabla yangu.

Jumamosi, 12

Pascaline amekuja mwenyewe. Amesema, dada, benchi ya mbele ni yako, na ukileta kiburi nitakubeba mgongoni. Nimeenda. Sikuandika hata neno, nilitazama neon yake. Inawaka pap! Baada ya somo nikamuuliza Pacifique kwa nini. Akasema waya: mnene, mzima, hauna kiungo. Unatoka grupu lilelile, unapita nyuma ya jiko langu.

Nimeenda kuupima kwa vidole. Mnene kweli. Mita mbili zikipungua, mutu hataona.