Mtazamo wa Msimu kwa Pwani ya Nakuru

"Hii si mvua, Truphosa," nilimwambia kwa mara ya tatu.

"Basi ni nini, Mama Adongo? Malaika wanafua nguo?"

"Ni unyevu wa muda."

Tulikuwa tumesimama jikoni kwake, mtaa wa Section 58, saa nne asubuhi, na unyevu wa muda ulikuwa umefika kwenye vifundo vya miguu. Sufuria ilipita kati yetu ikielekea sebuleni. Juu ya meza, ndani ya maboksi, vifaranga wake mia mbili wa siku tano walikuwa wakipiga kelele kama mkutano wa kina mama usio na mwenyekiti. Jiko la makaa lililokuwa likiwapa joto lilikuwa limezama. Kila mtu anajua kwamba kifaranga wa umri huo akikosa joto hafiki jioni.

Mimi sibishani bila karatasi. Nina diploma ya uhazili, na karatasi yenyewe nilikuwa nayo mkobani: Mtazamo wa Msimu wa Kanda, kurasa kumi na mbili za rangi, uliozinduliwa wiki mbili kabla kwa tarumbeta, maandazi na hotuba tatu. Ofisi yetu ya hali ya hewa na mitaro ilitangaza siku hiyo kwamba kuanzia sasa hakuna mkazi wa Nakuru atakayenyeshewa bila taarifa. Mimi ndiye niliyeuchapa.

"Ukurasa wa pili," nikasoma. "'Nusu ya kwanza ya Aprili itakuwa na vipindi virefu vya jua, na upepo mwanana kutoka baharini. Mvua itaanza rasmi tarehe ishirini na mbili.' Leo ni tarehe ngapi?"

"Tisa."

"Umeona?"

"Bahari gani hiyo, madam?" Huyo alikuwa Kemboi, jirani wa mlango wa pili, amesimama mlangoni na gunia kichwani. Yeye ni dereva wa lori, na akiwa hayuko nyumbani yuko Salgaa, wanakolala madereva wa malori. "Mimi bahari naijua. Nikitoka hapa na mzigo, nafika huko kesho yake. Huo upepo unapitia wapi?"

Swali lake lilikuwa la mtu ambaye hakuhusishwa katika mchakato. Mkurugenzi wetu, Bwana Sitati, alikuwa ameongoza ujumbe wa watu tisa kwenda nchi moja ya kaskazini kabisa, kwenye pwani ambayo mvua na upepo haviishi na watu hutembea wameinama, ili kujifunza jinsi wanavyotabiri majira yao. Alirudi na sweta na nakala ya mtazamo wao. Kamati ikakaa siku tano katika hoteli huko Naivasha kuuleta karibu na mwananchi. Jina la pwani ile likafutwa, likaandikwa Nakuru. Mwanakamati mmoja aliuliza kama Nakuru ina pwani. Mkurugenzi akamwelewesha kwamba tuna ziwa, ziwa lina ufuo, na mji uko kaskazini mwa ufuo. Kwa hivyo sisi ni wakazi wa pwani ya kaskazini. Mwanakamati huyo hakualikwa tena. Theluji ikabadilishwa kuwa umande. Mashua zikaachwa zilivyo, kwa sababu chai ilikuwa imefika.

"Achana na bahari," Truphosa akasema. "Fungueni huo mtaro."

Mtaro anaousema unapita mbele ya mlango wake. Maji ya kutoka mlima Menengai yalikuwa yakiufuata hadi barabarani bila kumsumbua mtu. Kisha Mkurugenzi akajenga nyumba kule chini, na maji yakawa yanaharibu nyasi zake. Ndipo mtaro ukazibwa kwa magunia ya mchanga, hapa juu, na kibao kikasimikwa: MTARO UMEFUNGWA KWA MUDA. Muda huo sasa una miaka miwili. Truphosa ameandika barua tatu za malalamiko. Nilizipokea zote, nikazigonga muhuri vizuri sana.

"Nimekueleza mara ngapi? Kanuni ya sita: mtaro wenye maji haufunguliwi bila idhini ya Mkurugenzi. Siku ishirini na moja za kazi."

"Na hawa watoto wangu wangoje siku ishirini na moja?"

"Mpigie huyo mkubwa wako," Kemboi akasema. "Ama simu pia inataka fomu?"

Nikampigia. Alikuwa nyumbani, amepumzika. Nyuma yake nilisikia mabati yakipigwa kana kwamba lori lilikuwa likimwaga kokoto juu ya paa.

"Hiyo ni sauti gani, mkubwa?"

"Watoto wanacheza. Sema."

"Kuna maji Section 58. Yameingia kwa nyumba ya mtu."

"Nekoye," akaniita kwa jina langu la ofisini, "mtazamo unasema nini leo?"

"Unasema jua, mkubwa."

"Sasa jua na maji yanaingia kwa nyumba pamoja? Huo mtaro, kulingana na mtazamo, uko aje?"

"Kulingana na mtazamo, ni mkavu."

"Basi ni mkavu. Wewe ni afisa, usibebwe na maneno ya watu wa ploti."

"Sawa, mkubwa. Niandikie hivyo tu, niweke kwa faili."

Anapenda faili. Ujumbe ukaingia kabla sijarudisha simu mfukoni: MTARO NI MKAVU. SITATI.

Truphosa alikuwa ameacha kunisikiliza. Alikuwa ametoa kifaranga mmoja ambaye hakuwa analia tena, akamtia ndani ya blauzi, kifuani, akawa anampulizia pumzi kupitia ukosi. Halafu wa pili. Nimelea watoto watatu. Najua mwanamke ana kifua kimoja tu, na maboksi yalikuwa bado yamejaa.

Nikausoma tena ule ujumbe. Kisha nikakumbuka kwamba baada ya kanuni ya sita huja kanuni ya saba, na hiyo pia niliichapa mimi: mtaro mkavu unaweza kusafishwa na afisa yeyote, wakati wowote, bila idhini.

"Kemboi, uko na jembe?"

"Niko nalo. La nini?"

"Usafi."

Nikafunga sketi kiunoni, nikavua viatu, nikatoka. Jembe la kwanza nilipiga mimi, kwa kuwa kanuni inasema afisa. Gunia la chini likapasuka. La pili likafuata lenyewe. Kemboi akasukuma la tatu kwa mguu, na ukavu wote uliokuwa umejikusanya nyuma yake ukashuka kwa kishindo, ukang'oa kibao, ukapinda kona ya kwanza, ukaelekea kule chini bila kuuliza njia.

Jikoni kwa Truphosa maji yakaanza kurudi mlangoni. Sufuria ikatua sakafuni. Akaleta jiko lingine kutoka kwa Kemboi, akaliweka juu ya matofali, akamwaga makaa. Makaa yaliposhika, akawatoa wale wawili kifuani. Mmoja alisimama. Wa pili alifikiria kidogo, kisha naye akasimama.

Simu ikalia.

"Nekoye! Nekoye, kuna mto kwangu!"

"Huo ni unyevu wa muda, mkubwa."

"Unyevu gani? Umeingia hadi sitting room! Gari linaelea! Linaenda kwa geti, lenyewe! Nifanye nini?"

Nikapangusa mikono kwenye sketi, nikafungua mtazamo.

"Ukurasa wa nne, mkubwa. 'Wakazi wa pwani ya kaskazini wanashauriwa kufunga mashua zao gatini kabla ya saa sita mchana.' Uko na kamba?"

Nikaangalia saa. Ilikuwa saa tano na nusu. Bado alikuwa na muda.