Maneno ya Mratibu Mkuu Kuhusu Sisimizi wa Laptop ya Mashavu

Kosa la kwanza wanalolifanya watu wengi wakiona sisimizi wanatoka katikati ya vitufe vya laptop ni kukimbilia dawa ya kupuliza, na kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza, ni kulieleza jambo hilo hadharani kabla ya kutambua itifaki. Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye taarifa nilizonazo zinasema yuko njiani tangu asubuhi. Ndugu Simeo, Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyekaa hapo mbele kwa niaba ya kiti chake. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Shirikishi ya Uratibu wa Udhibiti wa Wadudu Waishio Ndani ya Kompyuta Mpakato, Kanda ya Handeni na Korogwe. Wajumbe wa kamati ndogo, na wa kamati ndogo zaidi. Viongozi wetu wa dini. Wazee wetu mliotoka Kang'ata kwa bodaboda pamoja na vumbi lake. Wenyeji wetu wa Kwamndolwa mliotupa ukumbi. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Semboja, Mratibu Mkuu na mwanzilishi wa kamati hii, na pia, nasema kwa unyenyekevu, mtu pekee aliyeliwaza wazo lake, nilifundisha sayansi miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo mtaniwia radhi nikilieleza jambo kwa urefu. (Sauti kutoka nyuma: "Tumekuzoea, mzee.") Ahsante. Kuzoeleka ni sehemu ya uongozi.

Ndugu zangu, chimbuko la mradi huu ni laptop hii iliyopo mezani, chini ya kitambaa cha kufuma. Ni mali ya Mashavu, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi kule Handeni, karibu na stendi, naye yuko pale safu ya pili. (Mashavu anasimama. Makofi. Mashavu haketi.) Unaweza kuketi, mwanangu. Baada ya mavuno Mashavu alikuja nyumbani kwangu, akaniamkia, akanieleza kwamba kila anapoanza kuchapa barua ya mteja, sisimizi wanatoka chini ya herufi na kumtembelea vidoleni, akaniuliza afanye nini. Mtu asiye na upeo angemjibu palepale. Mimi niliunda kamati. (Kicheko.)

Kamati haikulala. Tulifanya semina elekezi, kisha semina ya kuwaelekeza waliokosa semina elekezi, kisha ziara ya mafunzo, ambapo wajumbe wa Handeni walikwenda Korogwe kujifunza kwa wenzao, na wajumbe wa Korogwe walikwenda Handeni kujifunza kwa wenzao, siku ileile, ndiyo maana hawakukutana. Upembuzi yakinifu uliofuata ulibaini kwamba asilimia mia moja ya laptop zilizokaguliwa katika kanda yetu zina wadudu. (Minong'ono.) Mzee Ledama wa Kang'ata ananiuliza zilikaguliwa ngapi. Ni swali zuri, mzee mwenzangu, na jibu lake ni kwamba ilikaguliwa hii hapa.

Baada ya takwimu hizo za kutisha, kamati iliazimia kifaa kihifadhiwe kama kielelezo cha mradi hadi siku ya uzinduzi. Utaratibu wetu mnaujua: kitu kikishaingizwa kwenye mradi hakitumiki mpaka Mgeni Rasmi akate utepe. Pampu ya maji husubiri, na watu wanapita na ndoo zao kando yake. Darasa jipya husubiri, na wanafunzi wanasoma nje wakiliangalia. Sasa laptop ni nani isisubiri? Tuliitia kwenye mfuko wa nailoni, tukaifunika kitambaa, tukaiweka kabatini pamoja na sukari na biskuti za wageni, ikiwa imechomekwa kwenye umeme usiku na mchana, ili Mgeni Rasmi asije akaikuta imezimika tukaaibika. Uzinduzi ukaahirishwa kwa sababu Mgeni Rasmi alisafiri. Ukaahirishwa tena kwa sababu ya mvua. Ukaahirishwa mara nyingine kwa sababu mvua ilikatika na utepe haukuonekana.

Nikija kwenye mafanikio, nafurahi kuutaarifu mkutano huu kwamba sisimizi wameongezeka, na mende wadogo wamejiunga nao, hali ambayo kwa lugha ya kitaalamu tunaiita kupanuka kwa wigo wa wanufaika. (Kicheko. Mashavu hacheki.)

Hapa naomba utulivu, maana naingia kwenye sayansi. Mdudu hana haja na kompyuta. Hajui kuchapa. Anachokitafuta ni mahali penye joto, penye giza, ambapo hasumbuliwi na mtu, na mashine inayokaa kwenye umeme bila kuguswa ni nyumba aliyojengewa bure. (Sauti: "Na biskuti mkamwekea.") Biskuti zilikuwa za wageni. (Sauti: "Ndio hao.") Naomba tuheshimiane.

Sasa tumefika kwenye kipengele kikuu cha ratiba, ambapo Mgeni Rasmi, au Ndugu Simeo kwa niaba yake, atapuliza dawa ndani ya kielelezo kama ishara ya kuuzindua mradi. (Simeo anasimama na kopo la dawa lililofungwa utepe.) Nawaona mnatazamana. Mtasema, mzee, si umetueleza sasa hivi kwamba hilo ndilo kosa la kwanza? Nimesema, na nalisimamia. Dawa ya kupuliza ni majimaji. Ikifika ndani kwenye umeme mashine inaungua, na wale sisimizi waliojificha chini kabisa wanabaki wanakusikiliza. Lakini ratiba ilichapwa kabla sijalisoma jambo hili vizuri, na ratiba ikishasambazwa kwa wadau haiwezi kubadilishwa na ukweli uliokuja baadaye. Ndugu Simeo, karibu. (Simeo anatikisa kopo. Mashavu anatoka kwenye safu yake, anakuja mbele, anasimama kati ya Simeo na meza.)

Mashavu ananiamkia, nami naitikia marahaba, maana adabu ni adabu hata katikati ya vurugu. Sema, mwanangu. (Mashavu: "Mzee, mimi sijaomba kuzinduliwa. Nilikuuliza nifanye nini, nikarudi nyumbani mikono mitupu.") Kwa faida ya walioko nyuma, Mashavu anasema wateja wake wamehamia kwingine, duka liko wazi lakini hana cha kuchapia, na kwamba humu ndani ya kielelezo zimo kadi za harusi ya Naitoi, binti wa Mzee Ledama, ambazo alizimaliza kuziandaa kabla kamati haijaichukua mashine, na hana nakala nyingine popote. Harusi ni Jumamosi hii.

(Mzee Ledama anasimama, anaegemea fimbo yake.) Mzee Ledama ana neno. (Ledama: "Mchungaji yupo, ng'ombe wa kuchinja yupo, bibi harusi yupo. Wageni ndio hawajui. Huyu kijana akipuliza hiyo dawa, nitamwalika yeye peke yake, na ng'ombe atammaliza peke yake.") (Kicheko kirefu. Simeo anaweka kopo chini ya kiti cha Mgeni Rasmi.)

Tuendelee. Mashavu ananirudia na swali lilelile aliloniuliza nyumbani: tukiiacha kamati pembeni, yeye afanye nini? Mwanangu, hilo swali lilipaswa kupitia kwa katibu. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu akiulizwa anachokijua, mdomo unamtangulia. Sikiliza basi. Kwanza, kama bado inawaka, nakili kadi zako kwenye flashi. Halafu izime kabisa, usiilaze tu kwa kuifunga, na uchomoe waya. Kama betri yake inatoka, itoe. Vua hiyo nailoni uitupe. Mpelekee fundi aufungue mfuniko wa chini kwa bisibisi, aufagie uchafu na wadudu kwa brashi laini iliyo kavu, apulize hewa kutoka mbali. Maji hapana, dawa hapana, kuianika juani hapana. Meza uifute, usilie chakula juu yake, na kama sisimizi bado wanapita hapo dukani, chambo chao kiweke ukutani wanakopita, si kwenye mashine. Kisha itumie kila siku. Wakisumbuliwa watahama.

(Sauti: "Ndiyo hayo tu, mzee?") Ndiyo hayo tu. Yamekuwa mafupi kutokana na urefu wa maandalizi.

Kwa ambao hamwoni vizuri, Mashavu amevua kitambaa, amevua nailoni, ameiwasha mashine. Sisimizi wanatoka. Ndugu Simeo ameinua miguu. Kioo kimewaka. (Watu wanasimama kwenye viti.) Flashi anayo, kumbe alikuja nayo mfukoni. Mzee Ledama amevaa miwani, anasoma jina la binti yake, anamwambia Mashavu kwamba limeandikwa vizuri na kwamba aongeze jina la shangazi. Mashavu anamjibu shangazi ataongezwa kwa kalamu. Anazima. Anachomoa waya. Ameibeba, anaelekea mlangoni, na Mzee Ledama yuko nyuma yake, fimbo mkono mmoja, waya wa chaji mkono mwingine. Naomba iingie kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba tulichokishuhudia ni awamu ya pili ya mradi, yaani urejeshaji wa rasilimali kwa mlengwa, na kwamba imekamilika kabla ya muda uliopangwa. (Makofi, vigelegele. Sehemu ya watu inatoka pamoja na Mashavu.)

Mliobaki, tuhitimishe kwa hamasa. Nikisema wadudu, mseme nje. Wadudu! ("Nje!") Laptop! ("Kazini!") Kamati! (Kimya.) Nasema kamati! (Mtu anakohoa.)

Imebaki shukrani. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao laiti wangepatikana wangetusaidia sana. Namshukuru fundi mkuu wa mradi, yeyote atakayekuwa, siku tutakapokuwa na nafasi ya kumwajiri. Nakishukuru kituo chetu cha kisasa cha hapa Kwamndolwa, ambacho mimi mwenyewe nimekizoea sana kwenye mchoro. Nazishukuru laptop za mradi, ambazo ukiiondoa ile iliyotoka sasa hivi ikiwa mikononi mwa mwenyewe, hazijanunuliwa. Namshukuru Mgeni Rasmi, ambaye nimearifiwa kuwa safari yake ilikuwa ya mkoa mwingine. Mradi wenyewe nitaushukuru utakapokuwepo.

Mambo mengine yote ni ya kamati. La kwenu ni moja: ukifika nyumbani leo, zima laptop yako, ichomoe kwenye umeme, igeuze juu ya karatasi nyeupe, uikung'ute taratibu uone kinachoanguka.