Kamati ya Ulinganifu wa Majalada ya Kanda

Katika kuhakikisha kwamba soko huria haliuzi kanda za muziki ovyo ovyo, Songea ilijaliwa kupata Kamati ya Ulinganifu wa Majalada. Mwenyekiti wake, Bwana Tumsifu, aliitangaza mwenyewe kwa kipaza sauti pale Majengo: kuanzia siku hiyo, kinachoonekana juu ya kanda lazima kiwe ndicho kinachoimbwa ndani. Taarabu ikiwekewa picha ya ng'ombe, faini. Kwaya ikiwekewa picha ya msichana mwenye kaptula, faini na maombi.

Hakuwa mtu wa mchezo. Tangu serikali ipunguze wafanyakazi, alikuwa Afisa Utamaduni na mtunza ghala la mahindi ya njaa kwa mshahara mmoja, na sasa alitaka kitu kimoja tu: uhamisho wa kwenda Dar, kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Mwenye kuutoa uhamisho huo ndiye angekuwa mgeni rasmi wa Nane Nane, sikukuu ya wakulima.

Basi akaja Mama Walburga, kiongozi wa kikundi cha ngoma ya lizombe cha Matogoro, na kanda yao mpya ya kuuza siku ya Nane Nane. Jalada lilikuwa na panya kakalia gunia.

Bwana Tumsifu alichukia kwelikweli. Panya, mbele ya mgeni rasmi? Akaamuru mnyama huyo atolewe, iwekwe picha yake mwenyewe, ile ya suti ya Kaunda, anatabasamu. Walburga akaeleza kwa adabu kwamba kwao mtu akiimbwa hatajwi. Msikilizaji anajaza mwenyewe. Panya aliwekwa makusudi, asiumbuke mtu.

"Mzee, ungeisikiliza kwanza," alisema.

"Mama, Kamati haisikilizi. Kamati inaangalia."

Na kweli, haikuwa hata na redio kaseti. Picha ikabadilishwa, muhuri ukagongwa: KILICHOPO JUU NDICHO KILICHOMO.

Siku ya Nane Nane kanda ikapigwa uwanja mzima. Lo, wimbo ulikuwa mtamu, na maneno yalifika hadi kwenye mabanda ya kuku: panya wa ghalani anakula mahindi ya njaa, kitambi kimemtoka, wenye njaa wanagawiwa pole. Wakulima wa Namtumbo, ambao waliusikia wimbo huo ngomani na walikuwa wakibishana tangu masika panya huyo ni nani, waligeuza kanda wakamkuta mtu anatabasamu. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mgeni rasmi naye akaigeuza ya kwake. Akauliza, kwa upole tu, kama picha na wimbo vinahusiana.

Jamani, mtu afanyeje? Akisema havihusiani, basi Kamati inagonga muhuri bila kusikiliza, na kamati ya hivyo haimpeleki mtu Dar. Bwana Tumsifu akasimama wima.

"Mheshimiwa, Kamati yangu haijawahi kukosea."

"Vizuri sana," alisema mgeni rasmi. "Basi tangulia, tukalione ghala."